Mwiko wa Chunusi

Wiki niliyokabidhi funguo za ofisi, Neema, ambaye sasa ndiye mkuu wa wachoraji wetu, alinifuata na karatasi za toleo jipya la mchezo wetu. Akasema kwa adabu zake zote, "Shikamoo, mzee. Tunataka kumwondolea Chunusi ule mwiko wake. Wachezaji wanalalamika, wanasema unamlegeza." Nikamwambia marahaba, na kwamba nitamjibu kwa maandishi, maana jibu lenyewe ni refu na siku hizi nikisema sana nakohoa. Hili ndilo jibu. Nimeliandika kwa ajili yenu nyote mliobaki pale mezani, kwa sababu wengi wenu mmekuta mambo yamekwisha kuwa kama yalivyo na hamjui yalikujaje.

Ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo tulipeana wenyewe, na mishahara mnaijua.

Kabla ya kazi hii nilikuwa fundi wa masanamu ya madukani, yale ya kuvalishia nguo. Nilizaliwa Kariakoo, mtoto wa Mchaga aliyeshuka kutoka Rombo kuja kuuza vipuri na hakurudi tena isipokuwa Krismasi. Masanamu yalikuwa yanafika nchini yamevunjika, hasa mikono, na mwenye duka hawezi kuweka mlangoni sanamu isiyo na mikono. Mimi nilitengeneza mikono. Bandeji na plasta nilinunua duka la dawa, nikaja kujifunza na faiba, na kidogo kidogo nikawa najulikana mtaa mzima. Kazi ile ilinifundisha jambo moja ambalo nimewaimbia mpaka mmechoka: mteja hatazami uso wa sanamu, anatazama mikono. Mkono ukikaa vibaya, gauni zima linaonekana la kuazima.

Siku moja akaja kijana mrefu mwenye miwani, Idrisa, ambaye ninyi mnamfahamu kama mwanzilishi wetu. Wakati huo hakuwa amewahi kuanzisha kitu.

"Mambo, bro? Nimeambiwa una mikono."

"Ninayo. Ya kike au ya kiume?"

"Ya zimwi."

Nilidhani ananitania. Akavuta ndoo, akakalia, akaanza kunieleza mchezo wake. Watu wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja anaishi ndani ya mtu wake, wanarusha dadu na hadithi inakwenda watakakoipeleka wao. Dunia yao ni ya miaka mingi mbele. Watu wanaishi ndani ya vyombo vikubwa kati ya nyota, na miili ya kuzaliwa nayo haifai tena huko, kwa hiyo wanaundiwa miili mingine. Na waliounda miili hiyo, ili watoto watakaozaliwa gizani wasisahau walikotoka, waliifananisha na viumbe wa hadithi za bibi zao. Zimwi la kubeba mizigo. Kinyamkera wa upepo wa kisulisuli, wa kutengeneza mitambo mahali ambapo hakuna pa kushikilia. Nyoka wa vichwa saba, ambaye kila kichwa kinachezwa na mtu wake na hawezi kupiga hatua mpaka wakubaliane. Idrisa alitaka kila mwili uwe na sanamu yake ya mezani, na michoro itoke kwenye sanamu, si sanamu kwenye michoro. Sikuelewa nusu ya maneno yake. Ila niliona kwamba mtu anayetoka jasho namna ile hatanii.

Ofisi mnaijua: ghorofa ya pili, Mchafukoge, juu ya duka la vyombo, madirisha ya mbao yanayofungwa kwa komeo. Siku yangu ya kwanza nilikuta yote yamefungwa saa nane mchana, feni inazungusha joto, na taa ya chemli inawaka katikati ya meza. Nikajua nimeingia kwa waganga. Kumbe aliyefunga ni Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa shangazi yake Idrisa, Mzaramo wa Kariakoo, mkunga mstaafu. Alikuwa amezalisha nusu ya watu wanaouza pale sokoni na hakusita kuwakumbusha bei ikipanda. Idrisa alimwajiri kwa ajili ya hadithi. Tatizo lilikuwa kwamba kwao, kama kwa watu wengi, hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana utaota pembe. Na ofisi yetu ilifanya kazi mchana. Bi Tatu alikataa katakata kukaa ofisini baada ya magharibi, akakataa vilevile kuota pembe. Suluhisho lake likawa kufunga madirisha na kuwasha chemli, ili humo ndani uwe usiku wetu sisi.

"Pembe zinajuaje kama nje kuna jua?" nilimuuliza.

"Wewe Mchaga nyamaza. Kwenu hakuna hadithi, mlikuwa mnahesabu ndizi mpaka mnalala."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa kazini. Ile chemli iliyoko kabatini ni ya siku hizo, msiitupe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Ningeleta sanamu ya waya na sponji ya godoro, najiona fundi, naye angeizungusha mikononi mwake kama anayepokea mtoto, kisha angeuliza maswali yake matatu. Analalaje? Anaumwa wapi? Mwiko wake nini? Swali la kwanza lilikuwa la mifupa, maana mwili usioweza kulala umeunganishwa vibaya mahali. La pili lilikuwa la maisha, kwa sababu kila mwili unaofanya kazi una pahali panapouma, na mchezaji asipopajua hataukaa mwili ule, atauendesha tu. La tatu ndilo lililojenga jina letu. Bi Tatu alisema viumbe wote aliosimuliwa walikuwa na mwiko, na mtu mdogo katika hadithi huponea hapo. Zimwi letu, kwa mfano, likishajitwika mzigo haliwezi kuutua mpaka mtu aliulize limebeba nini. Wachezaji wamecheka na kulia zaidi kwa ajili ya mwiko huo mmoja kuliko kwa mabunduki yote Idrisa aliyowahi kuyachora. Mwili usio na mwiko, Bi Tatu alikuwa akisema, mpeni fundi pikipiki aupake rangi.

Tuliwajaribu wote Jumamosi, kama mnavyofanya bado. Meza ilikuwa wazi kwa jirani yeyote anayetaka, kwa soda na maandazi. Shomari, fundi simu wa ngazi ya chini, hakukosa, na mdomo wake pia haukukosa. Na akaja dada mmoja mwenye fremu ya vitenge Kariakoo, Zainabu, mtu mzima, mkimya, anayekaa na mkoba wake mapajani. Sikujua nini kilimleta. Nadhani alipenda mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuwa mtu mwingine kwa mchana mmoja. Alikuwa mchezaji hodari. Kwenye Nyoka wa vichwa saba alipewa kichwa cha mwisho, kisicho na jicho, na wenzake sita wakawa wanamsubiri aseme yeye.

Sasa Chunusi. Kwa yeyote asiyemjua, ndiye anayelaumiwa mtu akizama. Yuko ndani ya maji, anavuta miguu. Tulimtaka kwa ajili ya dunia zetu za maji, na nilimtengenezea mwili ninaojivunia mpaka leo: mrefu, mapezi ubavuni, shingo ya kugeuka nyuma, na mikono ya kulabu. Mwiko wake tuliutafuta tukiwa tumefunga madirisha. Bi Tatu alisimulia kama alivyosimuliwa, na kama mlivyosikia ninyi pia mitaani, kwamba Chunusi hachukui mtu bure. Hachukui mpaka apewe na mtu wa ndani, naye hulipa kwa utajiri. Idrisa aliruka kitini. Mwiko wenyewe huo! Hawezi kumgusa mtu ambaye hajatolewa na ndugu yake, na atakayemtoa anapata anachotaka. Kwa mchezo, lilikuwa jambo la ajabu. Fikirieni meza nzima inatazamana, nani atamtaja nani. Tulikuwa watu wazima watatu na chemli yetu, tumekulia mji huu, na hakuna aliyeshtuka.

Jumamosi ile Zainabu aliomba kumcheza Chunusi. Idrisa akampa karatasi. Akaisoma, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Hapa mmeandika hachukui mpaka apewe."

"Ndiyo, dada. Ndo mwiko wake."

"Nani kawaambia?"

"Si ndo wanavyosema watu?"

"Watu gani?"

Hapo Shomari, ambaye mdomo wake humtangulia mwenyewe, akacheka. "Da Zai, we si unamjua huyo bwana. Si mlifanya naye biashara?"

Hakuna aliyecheka naye. Zainabu alizikusanya dadu zake, akazipanga mbele ya Idrisa, akafunga mkoba.

"Nilikuwa naisikia dirishani kwangu," akasema. "Sasa mnaichapa kitabuni."

Akatuaga vizuri, kama mtu anayetoka msibani, akashuka ngazi.

Mimi sikuelewa. Bi Tatu ndiye aliyeeleza, baada ya kumfukuza Shomari kwa jicho. Zainabu alikuwa akikaa Jangwani, miaka ambayo bado watu walikuwa wengi kule bondeni. Mvua ilikuja, maji yakapanda, wakatoka. Mwanawe Hamisi, kijana wa sekondari, akarudi ndani kufuata cherehani ya mama yake, kwa sababu ndiyo iliyowalisha. Akaipitisha juu ya ukuta, majirani wakaipokea. Yeye hakutoka, na hawakumwona tena. Zainabu alishona kwa cherehani ile ile, angeshona kwa ipi nyingine, na Mungu akambariki akapata fremu mjini. Basi watu wakajumlisha wenyewe. Cherehani imepona, mtoto hakupona, na leo ana fremu. Wakasema alimtoa. Hawakusema mbele yake, ila waliponunua vitenge walipokea chenji kwa ncha za vidole.

Nilimtazama Chunusi wangu pale mezani na kulabu zake nikamchukia.

Jumatatu Idrisa alikuja na uamuzi: Chunusi anafutwa. Bi Tatu akamwambia, "Ukimfuta, watasema umemsitiri Zainabu. Watasema kwa hiyo ni kweli. Umemmaliza kabisa."

"Sasa tufanyeje, shangazi?"

"Kazi. Hukuniajiri nipunge upepo."

Lile ndilo gumu kuliko yote niliyoyafanya katika kazi hii, na kwa siku kadhaa hatukuona la kufanya. Tulibadilisha maneno, tukayarudisha. Idrisa alijaribu kumfanya Chunusi mwema, anayewaweka waliozama kwenye mji wa chini ya maji wakila na kunywa. Bi Tatu aliikunja karatasi ile akaitia kwenye pochi yake ili isibaki ofisini. "Unataka mama wa watu akae ufukweni anasubiri?" alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na machozi, na mimi sikuwahi kuyaona kabla ya siku ile.

Kisha akakichukua kile kiumbe changu, akakizungusha kama kawaida yake, akarudi kwenye maswali. Analalaje, hilo tulikuwa nalo. Anaumwa wapi?

Akajijibu mwenyewe, polepole. "Anaumwa mikono. Anashikishwa watu ambao hakuwashika."

Nikazikata zile kulabu hapo hapo kwa koleo. Nilimwomba Bi Tatu anipe mikono yake niitoe nakala kwa plasta. Alilalamika kwamba ni ya baridi, kwamba itamharibia hina, kwamba Wachaga wakishakuchukua mikono hawarudishi. Lakini alikaa. Nilimwambia aiweke anavyoiweka kazini, akaiweka wazi, mbele, viganja juu, kidogo imejikunja: mikono ya anayesubiri kupokea. Chunusi mnayemchora ninyi kila siku ana mikono ya Bi Tatu. Hata ule mkunjo wa kidole gumba cha kushoto ni wake.

Na mwiko ukatoka hapo. Chunusi akiulizwa na ndugu wa mtu aliyezama, hawezi kusema uongo, na hawezi kunyamaza. Ndio huo mnaotaka kuufuta.

Ilibaki kumwendea Zainabu. Tulitembea kwa miguu, Bi Tatu na mimi, kupitia Kariakoo ile ya mikokoteni na watu wanaokuita mjomba kabla hawajakuzibia njia. Zainabu alitupatia vigoda. Bi Tatu alipapasa vitenge viwili vitatu, akaacha.

"Zainabu mwanangu, ile hadithi niliileta mimi. Niliisimulia nikiwa nimefunga madirisha, nikadhani iko ndani tu. Nimekukosea. Nisamehe."

Zainabu alikuwa anakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. "Mmemfanyaje?"

"Njoo umuulize mwenyewe."

"Mimi sina la kumuuliza yule."

"Unalo," Bi Tatu akasema. "Na wako watu wanatakiwa wasikie anavyojibu."

Tukaondoka bila kujua kama atakuja. Njiani Bi Tatu alisimama mara kadhaa kupumzika. Nilimshika mkono, akaniacha niushike, jambo ambalo pia halikuwa kawaida yake.

Jumamosi meza ilijaa. Shomari alikuja akakaa pembeni, ameinama. Zainabu aliingia wa mwisho, mkoba mapajani. Safari hii aliomba kuwa mtu wa ufukweni, mtu wa kawaida tu, asiye na mwili wa kuundwa. Bi Tatu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kugusa dadu, akasema Chunusi atamcheza yeye.

Idrisa, kwa mazoea, akainuka akaanza kufunga madirisha.

"Acha," Bi Tatu akamwambia. "Yafungue yote. Hii si hadithi."

Tukafungua. Jua likaingia mpaka chini ya meza, na makelele ya Mchafukoge yote, honi, wapiga debe, mtu anagonga sufuria kule dukani kumwonyesha mteja kwamba ni nzito. Bi Tatu aliweka sanamu mbele yake na mikono yake mwenyewe kando ya sanamu, viganja juu, na iliyo kwenye sanamu na iliyo yake ilikuwa mikono ile ile.

Zainabu aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilidhani atainuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu dukani:

"Mwanangu Hamisi. Nilikupa?"

"Hukunipa," Bi Tatu akajibu.

"Ulimchukua?"

"Sikumchukua. Sikuwapo. Yalikuwa maji."

"Yuko wapi?"

Hapo niliogopa, kwa sababu mwiko unamlazimisha ajibu na unamkataza uongo. Bi Tatu alimtazama usoni.

"Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekwambia."

Zainabu akalia. Alilia kwa sauti, madirisha wazi, na kule chini wakaacha kugonga sufuria. Hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nililia pia, na sioni haya kuliandika hilo. Baada ya hapo Shomari alitoka kule pembeni, akaja akapiga magoti karibu na kiti chake, akasema, "Dada, nisamehe. Na mimi nilikuwa naisema." Zainabu hakumjibu siku ile. Alimjibu baadaye sana, na walichoambiana ni chao.

Bi Tatu tulimzika mvua za mwaka uliofuata. Ofisini tulifungua madirisha yote.

Neema, mengine katika toleo jipya badilini mpendavyo. Nyoka anahitaji kupunguzwa maneno, na Kinyamkera sikumpatia tangu mwanzo. Kuhusu huu mwiko, sikukatazi. Kazi si yangu tena. Ninachokuomba ni hiki tu. Yule mama mtu mzima wa Jumamosi, anayekaa karibu na dirisha na mkoba mapajani, ambaye mnamwita Bibi Zai na mnadhani anakuja kwa ajili ya maandazi, huwa anauliza swali lake kabla dadu hazijarushwa, kila mara lile lile, na anayemcheza Chunusi humjibu. Kwa miaka hii nimekuwa namjibu mimi. Jumamosi hii zamu ni yako. Mjibu. Ukishamjibu, kalamu nyekundu iko kwenye kopo langu la brashi, ufute.